Ini Lenye Mafuta: Si Lazima Udungwe Sindano

Ikiwa unangojea chakula cha mchana kiive, basi vuta kiti tuzungumze kidogo, maana hata hicho kilichomo jikoni kina uhusiano na mada yetu ya leo.

Nimepokea barua kutoka kwa mama mmoja wa Machakos. Anasema mumewe, ambaye ana umri wa miaka 50 na ni mzee wa kanisa, alikwenda hospitali akilalamika maumivu ya tumbo. Alipigwa picha ya altrasaundi na karatasi aliyorudi nayo nyumbani ikasema kwamba ini lake lina mafuta. Mama alipomuuliza jirani, akaambiwa kwamba huo ni ugonjwa wa walevi. Tangu siku hiyo hakuna amani katika boma hilo. Mama anashuku kwamba mumewe hunywa kisiri anapokwenda safari za kikazi. Mzee naye anaapa kwamba hajaonja pombe kwa miaka 20. Isitoshe, amekataa katakata kurudi hospitali, kwani mwenzake kazini alimtisha kwamba huko atadungwa sindano ndefu ubavuni na kukatwa kipande cha ini.

Mama huyu anauliza mambo mawili. Kwanza, je, mume wangu ni mlevi? Pili, je, hakuna njia nyingine ya kulipima ini isipokuwa hiyo sindano?

Haya ni maswali mazito, na najua si ya mama huyu peke yake. Wataalamu wanakadiria kwamba ulimwenguni takriban mtu mzima mmoja kati ya kila watatu au wanne ana mafuta kupita kiasi katika ini lake, na wengi wao hawajui. Kwa hivyo hata wewe unayesoma hapa, sikiliza kwa makini.

Karatasi hiyo si ushahidi wa ulevi

Ini ni kiungo kikubwa kuliko vyote vilivyo ndani ya tumbo. Kwa mtu mzima huwa na uzito wa kama kilo moja na nusu, na limelala upande wa kulia chini ya mbavu. Kazi zake ni nyingi: kusafisha damu, kutengeneza nyongo, kuweka akiba ya sukari, na kuvunjavunja dawa na sumu. Ini lenye afya huwa na mafuta kidogo tu. Mafuta yakizidi asilimia 5, madaktari husema kwamba ini hilo limeingiwa na mafuta.

Ni kweli kwamba pombe huleta mafuta kwenye ini. Lakini si pombe pekee. Mnamo mwaka wa 1980, daktari Jurgen Ludwig na wenzake wa Mayo Clinic huko Marekani waliandika habari za wagonjwa 20 ambao maini yao, yalipoangaliwa kwa hadubini, yalifanana kabisa na maini ya walevi. Ajabu ni kwamba wagonjwa hao hawakuwa wanywaji. Wengi wao walikuwa watu wanene, na baadhi yao walikuwa na ugonjwa wa kisukari.

Tangu wakati huo tumejifunza mengi. Mtu akila kuliko mwili wake unavyotumia, hasa vyakula vya wanga mweupe, vinywaji vyenye sukari nyingi kama soda, na vyakula vya kukaangwa, ile ziada hugeuzwa kuwa mafuta na sehemu yake huhifadhiwa kwenye ini. Kitambi, kisukari, shinikizo la damu na mafuta mengi katika damu ni ndugu wa ugonjwa huu. Zaidi ya nusu ya watu wenye kisukari cha ukubwani wana mafuta kwenye ini. Ndiyo sababu mwaka wa 2023 mashirika ya madaktari wa ini duniani yalikubaliana kuubadilisha jina ugonjwa huu. Jina la zamani lilitaja pombe. Jina jipya linataja hitilafu katika jinsi mwili unavyotumia sukari na mafuta. Waliona kwamba lile la zamani lilikuwa likiwaaibisha wagonjwa bure.

Kwa hivyo mama, nakusihi, usimhukumu mzee kwa sababu ya karatasi ya altrasaundi. Picha ile inaweza kuonyesha mafuta, lakini haiwezi kusema yametoka kwenye chupa au kwenye sahani. Badala ya kumchunguza pumzi anaporudi nyumbani, mpime kiuno, na muulize anakunywa soda ngapi kwa siku akiwa safarini.

Sindano yenyewe ni ipi?

Mwenzake mzee hakusema uongo. Alisema nusu ya ukweli. Kipimo hicho kipo na huitwa bayopsi. Historia yake ni ndefu. Paul Ehrlich, yule mwanasayansi mashuhuri wa Ujerumani, alitoa chembe za ini kwa sindano huko nyuma mwaka wa 1883. Mwaka wa 1958, daktari Menghini wa Italia akatangaza njia ya haraka ambapo sindano hukaa ndani ya ini kwa kama sekunde moja tu. Kipande kinachotolewa huwa chembamba kama uzi, na huangaliwa kwa hadubini.

Kwa miaka mingi hiyo ndiyo iliyokuwa njia ya kuaminika zaidi ya kujua hali ya ini. Hata hivyo ina dosari. Huleta maumivu, na mara chache huweza kusababisha damu kuvuja ndani ya tumbo. Aidha, kipande kinachotolewa ni sehemu moja tu kati ya kama 50,000 za ini zima. Ni kama kuonja punje moja ya githeri na kusema sufuria nzima imeiva. Tena ni nani atakayekubali kudungwa kila baada ya miezi sita ili ajue kama mafuta yamepungua?

Leo bayopsi haifanywi kwa kila mtu mwenye mafuta kwenye ini. Huachiwa wale ambao vipimo vingine vimepingana, au ambao daktari anashuku kwamba wana ugonjwa mwingine wa ini. Walio wengi hupimwa kwa njia nyingine. Hebu tuzitazame moja baada ya nyingine.

Njia ya kwanza: utepe, mizani na damu

Usidharau utepe wa fundi wa nguo. Mwaka wa 2006 watafiti wa Italia walitoa hesabu inayotumia vitu vinne: unene wa mwili kulingana na urefu, kiuno, kiasi cha mafuta ya trigliseridi katika damu, na kimeng'enya cha ini kiitwacho GGT. Jibu huwa kati ya 0 na 100. Likiwa chini ya 30, yamkini huna mafuta kwenye ini. Likiwa 60 au zaidi, yamkini unayo. Hesabu hii inasaidia kujua ni nani apelekwe mbele kwa vipimo zaidi, lakini haifai kufuatilia kama mafuta yanapungua kidogo kidogo.

Vipo pia vimeng'enya vya ALT na AST ambavyo hupimwa katika maabara nyingi. Vikipanda vinaonyesha kwamba chembe za ini zinaumia. Lakini jihadhari hapa: mtu anaweza kuwa na mafuta mengi kwenye ini na ALT yake iwe sawa kabisa. Damu nzuri peke yake isikufanye ushangilie.

Njia ya pili: altrasaundi

Huu ndio mtambo uliotumiwa kwa mzee wetu, na ndio unaopatikana kwa urahisi humu nchini, katika hospitali za kaunti na hata katika zahanati nyingi za kibinafsi. Hutumia mawimbi ya sauti ambayo sikio haliwezi kuyasikia, yale yale yanayotumiwa kumtazama mtoto tumboni. Hakuna miale ya eksirei na hakuna maumivu. Ini lenye mafuta hung'aa kuliko figo iliyo karibu nalo, na mpimaji huandika kama mafuta ni kidogo, ya wastani au mengi.

Udhaifu wake ni kwamba hauoni vizuri mafuta yaliyo machache. Mpaka yafike kama asilimia 20 au 30 ndipo picha huanza kuaminika. Kwa hivyo ukiambiwa kwamba mafuta hayaonekani, haina maana kwamba hayapo. Isitoshe, jibu linategemea jicho la mpimaji. Leo mmoja atasema ni ya wastani, kesho mwingine aseme ni kidogo, na ini ni lile lile. Mgonjwa mnene sana naye ni vigumu kumpima vyema kwa njia hii.

Njia ya tatu: mtambo unaogonga ini

Mwaka wa 2003 kampuni moja ya Ufaransa ilileta mtambo uitwao FibroScan. Humu nchini hauko kila mahali. Utaupata katika hospitali chache kubwa, hasa jijini Nairobi. Mgonjwa hulala chali, akaweka mkono wa kulia nyuma ya kichwa, akapakwa mafuta mazito ya baridi ubavuni. Kisha kifaa chenye ncha ndogo hugonga kati ya mbavu, mara kumi au zaidi. Mtu huhisi kama anayegongwa kwa kidole. Baada ya dakika chache kazi imekwisha, naye anavaa shati lake na kwenda zake.

Mtambo huu hutoa majibu mawili, na hapa naomba usome polepole.

Jibu la kwanza ni la mafuta. Mawimbi ya sauti yakipita katika mafuta hupoteza nguvu, kama vile sauti yako inavyofifia ukizungumza ndani ya chumba kilichojaa magodoro. Mtambo hupima nguvu iliyopotea na kutoa nambari kati ya 100 na 400. Ikifika 275 au zaidi, ni karibu hakika kwamba ini lina mafuta. Kipimo hiki cha mafuta kiliongezwa kwenye mtambo mnamo mwaka wa 2010 hivi.

Jibu la pili ni la ugumu wa ini. Mgongo ule hutuma wimbi dogo ndani ya ini. Katika ini laini wimbi huenda polepole. Katika ini lenye makovu huenda mbio, kama ngozi ya ngoma iliyowambwa ikakaza. Nambari hii hutajwa kwa kilopaskali. Ikiwa chini ya 8, uwezekano wa kuwa na makovu makubwa ni mdogo. Kati ya 8 na 12 huhitaji uchunguzi zaidi. Ikizidi 12 kuna hatari, na ikizidi 15 daktari hushuku sana kwamba makovu yamekomaa.

Kuna masharti. Usile chakula kwa angalau saa tatu kabla ya kupimwa, maana chakula hufanya ini lionekane gumu kuliko lilivyo. Ini lililovimba kwa ugonjwa mwingine, moyo usiosukuma damu vyema, au pombe nyingi ya siku za karibuni, vyote hupandisha nambari ya ugumu. Watu wanene huwa na kifaa chao maalumu, kikubwa kidogo, kwa hivyo usione aibu kukiulizia.

Njia ya nne: CT na MRI

Mtambo wa CT hutumia miale ya eksirei. Ini lenye mafuta huonekana jeusi kuliko wengu. Mara nyingi mafuta hugunduliwa hapa kwa bahati tu, mtu akiwa amepelekwa kuangaliwa jambo lingine, kama vile ajali ya barabarani. Lakini hakuna sababu ya kumpiga mtu miale mara kwa mara kwa ajili ya kufuatilia mafuta, na mtambo huu pia hauoni vizuri yaliyo kidogo.

Kwa kupima mafuta hasa, hakuna unaoushinda mtambo wa MRI. Huu hutumia sumaku yenye nguvu. Haidrojeni iliyomo katika maji na ile iliyomo katika mafuta huitikia sumaku kwa namna tofauti kidogo, na kompyuta huzitenganisha na kusema ni sehemu gani ya ini ambayo ni mafuta. Jibu huja kwa asilimia, na hutazama ini zima wala si kipande. Ndiyo sababu watafiti wanaojaribu dawa mpya huutegemea. Wameona kwamba mafuta yakipungua kwa theluthi moja hivi ya yale yaliyokuwepo, kwa mfano kutoka asilimia 20 hadi 14, mara nyingi uvimbe wa ini nao huwa umetulia. Ubaya wake ni gharama, na pia haufai kwa baadhi ya watu wenye vyuma au mitambo ya moyo mwilini. Kwa mtu wa kawaida hauhitajiki kila mwaka.

Mafuta ni jambo moja, kovu ni jingine

Sasa nifikie jambo ambalo nataka ulishike hata ukisahau mengine yote. Mafuta si mwisho wa safari. Kwa watu wengi hukaa tu bila kuleta madhara makubwa kwenye ini lenyewe. Lakini kwa baadhi yao ini huanza kuvimba, uvimbe huacha makovu, na baada ya miaka mingi makovu hulijaza ini lote. Hapo ndipo huja ugonjwa wa sirosisi, na pengine saratani. Kinachotabiri maisha ya mgonjwa zaidi ni kovu, si mafuta. Kwa hivyo kila anayeambiwa ana mafuta ni lazima aulize swali la pili: je, kuna kovu?

Swali hili lina hesabu yake, nayo haihitaji mtambo. Huitwa FIB-4 na ilitolewa mwaka wa 2006. Chukua umri wako, uzidishe kwa AST. Jibu hilo uligawe kwa chembe sahani za damu zilizozidishwa kwa kipeo cha pili cha ALT, yaani ile nambari ambayo ukiizidisha kwa yenyewe hutoa ALT.

Tuchukue mfano wa mtu wa miaka 50 mwenye AST 40, ALT 64 na chembe sahani 200, yaani elfu 200 kama zinavyoandikwa kwenye karatasi ya maabara. Mara ya kwanza, 50 mara 40 ni 2,000. Kipeo cha pili cha 64 ni 8, na 200 mara 8 ni 1,600. Gawa 2,000 kwa 1,600, upate 1.25. Ikiwa chini ya 1.3, hatari ya kovu kubwa ni ndogo. Ikizidi 2.67, ni kubwa. Katikati, mtu hupelekwa kwa FibroScan au kipimo kama hicho. Kwa waliozidi miaka 65, mpaka wa chini huwa 2.0, kwa sababu umri peke yake hupandisha jibu.

Nakueleza hesabu hii kwa uchungu, msomaji wangu. Kaka yangu mkubwa alipigwa altrasaundi akiwa na miaka 57. Karatasi ikasema mafuta ni mengi. Akaambiwa apunguze uzito, akaenda nyumbani. Miaka minne baadaye alipigwa picha tena, na mara hii ikaandikwa kwamba mafuta ni kidogo. Tulifurahi sana. Alikuwa amekonda, na sisi tukamsifu kwa kujinyima. Tulichinja mbuzi, na mimi ndimi niliyesimama kutoa hotuba na kuwaambia wadogo wetu wamuige.

Kumbe hakuwa akijinyima. Alikuwa amepoteza hamu ya chakula. Uchovu ulipomzidi, alipelekwa hospitali kubwa akapimwa kwa FibroScan. Nambari ya mafuta ilikuwa ya chini, lakini ile ya ugumu ilikuwa 22. Daktari akatueleza jambo ambalo hatukuwa tumelisikia: makovu yanapolijaza ini, mafuta huweza kuyeyuka na kutoweka yenyewe. Tulikuwa tumesherehekea ishara ya kuharibika kwa ini tukidhani ni ya kupona.

Siku moja baadaye nilipokuwa nikipanga karatasi zake nilikuta majibu ya damu ya ile mara ya kwanza. AST 70, ALT 49, chembe sahani 150. Nikachukua kalamu. Miaka 57 mara 70 ni 3,990. Kipeo cha pili cha 49 ni 7, na 150 mara 7 ni 1,050. Jibu ni 3.8. Nambari zote zilikuwa ndani ya kabati letu miaka yote hiyo, na hakuna aliyezijumlisha, si daktari wala sisi.

Kaka yupo, namshukuru Mungu, na bado hutembelea shamba lake kila asubuhi. Sasa hupigwa altrasaundi kila baada ya miezi sita, si kwa ajili ya mafuta tena bali kutafuta uvimbe wa saratani ukiwa bado mdogo. Lakini ile miaka minne haitarudi. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta.

Ukishapimwa, fuatilia namna hii

Kwanza, linganisha kipimo na kipimo cha aina ile ile. Usilinganishe altrasaundi ya mwaka jana na FibroScan ya mwaka huu. Ikiwezekana, rudi katika hospitali ile ile na mtambo ule ule, ukiwa na njaa kama mara ya kwanza.

Pili, usifurahie wala usihuzunikie mabadiliko madogo. Nambari ya mafuta ikitoka 290 ikawa 280, hiyo yaweza kuwa ni tofauti ya mkono wa mpimaji tu. Kinachotafutwa ni mwelekeo wa miezi na miaka.

Tatu, usipime kila mwezi. Ini halibadiliki kwa juma moja. Mtu asiye na dalili ya kovu, hasa kama hana kisukari, anaweza kurudia hesabu ya damu baada ya mwaka mmoja hadi mitatu kadiri daktari atakavyomshauri. Mwenye kisukari hurudia mapema zaidi. Kati ya vipimo, mizani na utepe vitakuambia mengi bila malipo.

Nne, weka karatasi zako zote katika bahasha moja na uende nayo kila mara. Andika tarehe. Uzito uandike pia.

Tano, mafuta yakipungua, uliza na kuhusu ugumu. Ukikonda bila kutaka, usingoje kusifiwa, nenda hospitali.

Habari njema

Ini ni kiungo chenye huruma. Ukilipunguzia mzigo, hujiponya. Mtu mnene akipunguza asilimia 5 ya uzito wake, mafuta kwenye ini huanza kupungua waziwazi. Akipunguza asilimia 7 hadi 10, uvimbe hutulia. Na akizidi 10, hata makovu huweza kulegea kwa baadhi ya watu. Kwa mwenye kilo 90, asilimia 5 ni kilo nne na nusu, na 10 ni kilo tisa. Si jambo la juma moja, lakini si mlima Kenya pia. Punguza sukari kwenye chai, acha soda, chapati ziwe za siku moja moja, mboga zijae nusu ya sahani, na utembee kwa miguu mpaka jasho likutoke. Pombe nayo iache kabisa ikiwa ini lako tayari lina shida.

Dawa zimeanza kupatikana pia. Marekani iliidhinisha resmetirom mwaka wa 2024, na semaglutide kwa ugonjwa huu mwaka wa 2025. Hizi ni za wale wenye uvimbe na makovu ya kiasi, wala haziondoi haja ya kubadilisha sahani. Nao wanaouza majani na chai za kusafisha ini, waepuke. Baadhi ya mitishamba hiyo huliumiza ini lile lile unalotaka kuliponya.

Kwako mama wa Machakos

Keti na mzee jioni moja, watoto wakiwa wamelala, umwombe radhi kwa kumshuku. Kisha mwambie kwamba hatua inayofuata si sindano ya ubavuni. Ni damu kidogo kutoka mkononi, utepe kiunoni, na hesabu ya kalamu na karatasi. Nenda naye. Mkifika kwa daktari, ulizeni maswali haya matatu: je, FIB-4 yake ni ngapi? Je, anahitaji FibroScan au kipimo kingine cha kovu? Na je, amepimwa kisukari na homa ya ini ya aina ya B na C, ambazo nazo huliharibu ini? Majibu hayo ndiyo yatakayowaambia kama mtarudi baada ya mwaka au baada ya juma.

Akiendelea kukataa, msomee habari za kaka yangu. Mficha maradhi, kilio humfichua. Ini halilii kama jino. Hukaa kimya likiumia. Sisi ndio tunaopaswa kuliuliza mapema.

Nawe msomaji, ikiwa una karatasi ya damu iliyolala kabatini, ifungue leo baada ya chakula, uitafute AST, ALT na chembe sahani, ufanye hesabu. Jibu likikutia wasiwasi, ulipeleke kwa daktari kesho Jumatatu.

Tukijaliwa, tuonane Jumapili ijayo. Kwaheri.